Miti Niliyoipindisha kwa Ajili ya Nahodha

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usipambe. Mtu ninayetaka kumweleza tulimwita Nahodha. Jina alilobatizwa nalo nalijua lakini halitatoka kinywani mwangu, na habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake nawaachia ndugu zake. Mimi nitasema niliyoyaona. La kwanza ni kwamba alinidanganya, na nalitanguliza ili asomaye asije akampenda mtu huyu bure kama nilivyompenda mimi.

Alikuwa akija kwetu Kichiwa kila mwaka majira ya baridi, ukungu unapolala juu ya mashamba ya viazi hadi jua linapokuwa juu. Alitujulisha kwamba yeye anaishi katika mashua yenye tanga, Ziwa Nyasa. Hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa vyerehani, akipita kando ya ziwa kuanzia Manda hadi Lupingu na kuendelea hadi Matema, katika vile vijiji ambavyo milima imevibana hata gari halifiki. Alitia nanga, akapiga filimbi, na kina mama wakamletea vyerehani vilivyokwama. Alipika chomboni, alilala chomboni, na mvua ilipomkuta alikaa chini ya turubai akipaka mafuta vyuma vya watu. Miezi ya baridi upepo wa kusini waitao mwera ulipochachamaa, aliivuta mashua mchangani akapanda nyanda za juu kutafuta magome ya miwati.

Magome hayo ndiyo yaliyomleta uani kwangu. Nilikuwa nikibandua miwati, naye akasimama akauliza kama angeweza kupata gunia moja. Nilimuuliza ni ya kusindikia ngozi gani. Akasema ni ya kuchovya tanga. Magome huchemshwa mpaka maji yawe mekundu kama chai iliyokolea, tanga likazamishwa humo, na kitambaa kilichochovywa hivyo hakishiki ukungu upesi. Mimi nimezaliwa kati ya miwati, nimezeekea kati ya miwati, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba magome yake huvaliwa na mashua. Nilimpa magunia mawili na kumkaribisha ndani ale.

Tangu hapo alifikia kwangu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivuta hadi nyusi, na vidole vilivyokuwa na lami katika kila mkunjo. Hakukubali kitanda. Alitandika mkeka kando ya ukuta, akajifunga kamba nyembamba kwenye kifundo cha mguu na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Alisema ndivyo alalavyo chomboni. Kamba ya nanga ikivutwa, mguu unamwambia. Kila alfajiri, kabla hata ya kusema neno, alipapasa sakafu kwa kiganja.

Bibi yako hakuipenda tabia hiyo. Alisema, “Huyo rafiki yako amelala kama mbuzi wa mnadani, tena ameamka anapapasa sakafu yangu. Mwambie nyumba hii haiingii maji.”

Nahodha alimsikia akajibu akiwa bado amepiga magoti, “Shemeji, usinikasirikie. Mkono huu umekwisha kuzoea. Siku nisipopapasa, chakula hakishuki.”

“Basi ukimaliza kupapasa upige na deki kabisa.”

Naye akapiga deki. Alipiga deki kila siku aliyolala kwetu, akiwa na ndoo na tambara, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Alinifundisha maisha ya chomboni kama mtu anayefundisha katekisimu, kwa kurudia. Alisema moto huwashwa ndani ya sanduku lililojazwa mchanga, na mchanga huo hubadilishwa ukishaingia mafuta. Alisema maji ya mvua ni adui mbaya kuliko maji ya ziwa, kwa sababu yanaingia kutoka juu, yanatulia pembeni penye giza, na mbao inaoza huku ukiitazama. Alisema nafasi kati ya mbao na mbao huzibwa kwa pamba na lami, kazi iitwayo kukalafati, na mtu anayeifanya akiwa na haraka ataifanya tena akiwa na majuto. Aliniambia habari za kungu, wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wa shamba linaloungua. Wingu lao likikupitia unafumba macho na kinywa, kisha unawakusanya kwenye ndoo, na wenyeji wanawakanda wakawaoka.

“Mnakula wadudu?” bibi yako aliuliza.

“Shemeji, ninyi mnakula kumbikumbi.”

“Kumbikumbi ni nyama.”

“Basi na kungu ni nyama iliyosagwa tayari.”

Wala hakuwa mtu mbaya katika mambo madogo. Jambo hili nimelifikiri sana. Alitengeneza vyerehani vyote vya Kichiwa bila kupokea kitu. Mwinjilisti wetu alipougua, Nahodha alimlimia viazi vyake, akiwa na mwendo ule wake wa miguu iliyotanuka kana kwamba ardhi ingemtupa. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa isiyolingana na ya mtu yeyote, na wanakwaya walikubaliana kumvumilia. Aliogopa mvua kuliko paka. Aliishi majini na hakujua kuogelea. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mtu anayejua kuogelea huacha chombo mapema mno. Viatu vyake vilikuwa vimeachama mbele hata vidole vikaonekana, yeye aliyehubiri kila siku juu ya kuziba tundu lingali dogo. Mambo hayo nilikuwa nikiyacheka. Sasa nasema kwamba mtu anaweza kuwa mkweli katika mambo ishirini ili lile moja lipite bila kukaguliwa.

Sasa nitaeleza miti.

Sisi wa Njombe tunapanda miti inyooke. Mnunuzi wa mbao akija anafumba jicho moja, anatazama shina kutoka chini hadi juu, na likiwa na tege hata kidogo anapita. Katika shamba langu la mikaratusi palikuwa na mti mmoja uliopinda, nao nilikusudia kuukata kuni. Nahodha aliuona akaukumbatia. “Huu usiuguse, kaka. Huu ni taruma.” Akanieleza kwamba mataruma ni mbavu za mashua, zinazopanda pande zote mbili kutoka kwenye uti wa mgongo wake, na mbao hupigiliwa juu yake. Taruma lililochongwa kutoka gogo lililonyooka hukatika penye kona. Taruma la mti uliokua umepinda halikatiki, kwa kuwa nyuzi zake zimefuata kona tangu utoto. Kisha akasema kwamba mataruma ya mashua yake yamechoka, na kwamba miti ya kupinda haipatikani kirahisi.

Mimi nilisema, “Basi tuioteshe.”

Wazo lilikuwa langu, na ndiyo maana lilinishika. Yeye alinyamaza. Alitazama lile shamba kwa muda mrefu, akavuta kofia yake, kisha akasema, “Inawezekana.” Nimeupima ukimya ule mara nyingi tangu wakati huo.

Alikunja nondo nyembamba mpaka ikafanana na ubavu, akaniachia iwe kigezo. Nilikata shamba zima. Machipukizi yalipotoka nilichagua moja katika kila kisiki, nikachimbia vigingi, nikayafunga kwa mipira ya matairi ya baiskeli, kwa kuwa kamba hukata gome na mpira huvumilia. Kila baada ya mvua nilizunguka na ile nondo, nikilinganisha, nikilegeza hapa, nikivuta pale. Mtu asiyejua angedhani ni kichaa anayepima miti homa.

Majirani hawakuninyima maneno. “Mzee, hiyo miti imeiba nini hata ikafungwa?” Mwingine akajibu kwa niaba yangu, “Imekamatwa ikiwa imenyooka.” Vijana waliokuwa wakienda Mdandu kununua mahindi waliwaleta wenzao kuona shamba la miti inayosujudu. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa na ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa hii. Mataruma yakipatikana, Nahodha atajenga mashua mpya, kubwa kuliko ile, nami nitakuwa na mahali pangu ndani yake: ubao wa kulala nyuma, karibu na usukani, mahali ambapo mtu akiamka anaona alikotoka. Nitakaa naye msimu mzima, yeye akitengeneza vyerehani, mimi nikikalafati na kuchovya tanga kwa magome yangu mwenyewe. Sikumwambia mtu nilivyolitaka jambo hilo. Tangu ujana wangu nimeamka mahali pamoja, nimelinda mpaka uleule wa shamba dhidi ya watu walewale. Nilitaka kuamka walau mara chache mahali pasipo na mpaka.

Baba yako, ambaye ni mwanangu wa pekee, alikuja na habari za parachichi. Kila mtu alikuwa akipanda parachichi, na shamba langu lilikuwa na mteremko mzuri na maji karibu. Alizungumza kwa adabu. “Baba, miti hii hakuna atakayeinunua. Siyo mbao, siyo nguzo. Tuing’oe tupande kitu kitakacholisha watoto.”

Nilimjibu, “Shamba hili ni la chombo.”

“Chombo kiko wapi, baba?”

“Kiko ziwani. Ulitaka kiwe kwenye zizi?”

Kila mwaka aliuliza, na kila mwaka nilimpa jibu lilelile, huku majirani zetu wakivuna. Kwa ajili ya neno la Nahodha nilimnyima mwanangu shamba. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku zote hizo: nikiwa sahihi, nimewafungulia wajukuu njia ya ziwani, nikiwa nimekosea, nimeilisha ardhi ya ukoo maneno.

Mataruma ya kwanza yalipofikia unene wa paja, Nahodha alikuja na lori. Tuliyakata kwa uangalifu, tukayapanga kama watu wanaopanga wagonjwa, yeye akiligusa kila moja. Alitokwa na machozi. Nilidhani ni furaha. Lori lilipoondoka baba yako alisimama barabarani akilitazama.

“Baba, ziwa liko kusini. Lori limekwenda kaskazini, njia ya Makambako.”

“Anapitia Makambako kuchukua misumari.”

“Misumari ipo hata Njombe mjini.”

“Wewe umejenga mashua ngapi?” nilimuuliza. Hivyo ndivyo nilivyomnyamazisha mtu pekee aliyekuwa akiona.

Baada ya hapo Nahodha alikuja mara chache, na alipokuja alileta taarifa. Uti wa mgongo umelazwa. Mataruma ya mbele yamesimama. Mbao za ubavuni zimechelewa kwa sababu ya mvua. Alieleza kwa mkono hewani, nami niliona kila msumari ukiingia. Alisema yanahitajika mataruma mengine kwa sehemu ya nyuma, nami nikaendelea kufunga miti. Mwishowe akaanza kupiga simu tu. Siku moja katikati ya mazungumzo nilisikia honi, ndefu na nzito.

“Nini hicho?” niliuliza.

“Meli hiyo, kaka. Inaingia.”

Sikuwa nimewahi kusikia meli. Niliposhusha simu nilimwambia bibi yako kwamba nimesikia meli ikiingia. Nilimwambia kwa fahari.

Mwaka huu baba yako hakuuliza habari za parachichi. Alisema tu kwamba anakwenda Makambako kuchukua vipuri, na akaniomba nimsindikize. Tulipofika, karibu na pale barabara kuu zinapokutana, malori yakijipanga kando na kupiga honi ndefu, nzito, alisimamisha gari mbele ya mgahawa. “Baba, ingia ule. Mimi napeleka gurudumu lijazwe upepo.” Hakunitazama. Baadaye nilielewa kwamba alikwisha kujua, na kwamba hakutaka kuwa yeye atakayenivua nguo. Alitaka nivue mwenyewe.

Niliingia. Mgahawa ulijaa madereva na matingo. Nilitafuta kiti, nikakaa, nikainua macho.

Paa lile lilikuwa mashua iliyopinduliwa. Uti wa mgongo ulipita juu kutoka mlangoni hadi jikoni, na kutoka hapo mataruma yangu yalishuka pande zote mbili hadi ukutani, yamepakwa vanishi, yanang’aa. Niliyatambua kama mtu anavyotambua watoto wake katika picha ya shule. Lile lililokuwa na kovu mahali mbuzi alipotafuna. Lile lililokataa kona mpaka nikalifunga mara mbili. Alama za mpira zilikuwa bado zinaonekana. Juu yake hapakuwa na mbao za kukalafati. Palikuwa na mabati.

Nahodha alitoka jikoni akiwa na sinia la samaki wa kukaanga na kofia ileile. Aliponiona alisimama, lakini sinia halikutikisika.

“Kamwene, kaka,” alinisalimu kwa Kibena.

“Kamwene.”

Aliweka sinia kwenye meza ya watu wengine akaja kukaa mbele yangu. Nilimuuliza jambo moja tu: mashua yake ilikufa lini. Alinijibu kwa sauti ya chini, akiwa ameweka viganja juu ya meza.

“Kabla hujafunga mche wa kwanza. Ilioza mchangani, Lupingu. Nilikuja kwako mwaka ule kukuaga. Kisha ukasema tuoteshe.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kaka, nilipoacha ziwa, kila mtu aliniita fundi cherehani. Wewe peke yako uliendelea kuniita Nahodha. Na ulikuwa umefurahi. Nilisema mwakani nitamwambia.”

“Na lori?”

“Mataruma yale nisingeweza kuyaacha yawe kuni. Nimeyajengea chombo. Tazama, hakuna hata moja lililokatika. Mahali pako pako hapo hapo nyuma, karibu na jiko. Siku utakayotaka, hulipi.”

Nilikuwa nikitafuta neno lililo na uzito unaotosha, na katika Kiswahili hiki nilichojifunza sokoni sikulipata, wala katika Kibena changu.

Wakati huo dereva mmoja mwenye tumbo aliita kutoka meza ya dirishani. “Nahodha! Leo una mgeni, sisi umetusahau. Nyalukolo hapa, huyu ndugu yangu, hajaisikia ile hadithi ya mwera. Tupe!”

Alisita. Niliona anasita, nami nakiri kwamba nilingoja. Kisha aliinuka, akajifuta mikono, akavuta kofia hadi nyusi, na miguu yake ikatanuka juu ya sakafu ya saruji.

Alisimulia vizuri. Tanga lilipasuka, usukani uling’oka, milima ikatoweka, na mawimbi yakaingia kutoka upande wa nyuma. Madereva waliacha kutafuna. Nami, Mungu anisamehe, niliacha kupumua. “Na wakati huo,” alisema, “mwenzangu alikuwa amelala kwenye ubao wake nyuma. Mkulima wa Kichiwa, niliishi naye chomboni miaka. Mtu mgumu kama msumari. Aliamka, hakupiga kelele, akajifunga kamba mguuni, akashika ndoo, akatoa maji mpaka kulipokucha. Hakusema neno. Bila mtu yule, ninyi leo mngekula chipsi kavu kwa jirani.”

Wakacheka. Yule dereva alinigeukia, akaitazama miguu yangu iliyovaa gamboti na mikono yangu. “Mzee, wewe ni wa wapi?”

“Kichiwa.”

“Usiniambie ndiwe!”

Mgahawa mzima ulinitazama. Nahodha naye alinitazama, na macho yake yaliomba. Yaani alikuwa amekwisha kunipa kitu kile nilichokitaka kuliko vyote, alinipa mbele ya watu, pamoja na dhoruba yake na ushujaa wake, na nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa.

Nilisimama ili wote wanisikie. “Mimi,” nilisema, “ziwa sijaliona tangu nizaliwe.”

Kisha yule dereva alipiga meza kwa kiganja. “Mnaona? Si alisema ni mtu mgumu? Hata kujisifu hataki!” Wakaangua kicheko, wakanipigia makofi, mmoja akasema niletewe samaki mkubwa kwa hesabu yake. Nilimtazama Nahodha. Alifungua kinywa, kama mtu anayetaka kusema. Kisha akacheka nao.

Nilishika kofia yangu nikatembea kuelekea mlangoni. Hakuna aliyenizuia, maana wote walidhani nakwenda kunawa mikono.